Kitanda cha Mtoto wa Kitabuni

Siku ile tulikuwa sita uani kwetu. Alikuwapo bibi mzaa baba, jicho moja limezibwa na ukungu mweupe, ameketi juu ya kinu kilicholazwa. Alikuwapo mdogo wangu wa kiume, wa miaka kumi na miwili, anakohoa bado lakini homa imekwisha kumwachia. Alikuwapo mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka sita, amelala mkekani, mbavu zikipanda na kushuka kama za mbuzi aliyekimbizwa. Alikuwapo mwanamke tuliyemwita Mama wa Kambi, mke wa mfanyakazi wa mgodi wa dhahabu, na binti yake wa pekee, rika moja na huyo wa mwisho, ameshika gunzi la mhindi alilolivika kitambaa na kulibembeleza kama mtoto. Wa sita nilikuwa mimi, mkubwa wa yatima watatu. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Mafua makubwa yalikuwa yametoka ng'ambo ya bahari, ndivyo redio ya Wazungu ilivyosema. Sisi tuliyaona yakija na malori, katika njia ya kutoka Kabambare kwenda Salamabila, na kila kijiji lori liliposimama, baada ya siku chache watu walilala. Kijijini kwetu kulikuwa na nyumba ambazo hazikutoa moshi tangu juzi, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kwenda kuuliza.

Yule wa mkekani alikuwa ameanza kutema makohozi ya rangi ya kutu. Bibi aliyaona kwa jicho lake moja, akayafunika majivu haraka ili nisiyaone. Nilikuwa nimeyaona.

Jana yake nilimbeba mgongoni mpaka dispensari ya Leta. Leta ndiyo serikali, na sisi watu wa vijijini tuliitwa watu wa Leta. Mlango ulikuwa umefungwa. Munganga, muuguzi wa pale, alikuwa amelala ndani kwa homa ileile, na mkewe alinipitishia dirishani vidonge vinne vilivyofungwa katika jani. Nikageuka nikaenda kambi ya mgodi, mwendo wa saa moja na nusu, kwa sababu kila mtu alijua kwamba huko kulikuwa na sindano. Karani wa mlangoni hakunitukana. Aliniuliza kitabu cha kazi. Nikasema baba alikuwa nacho.

"Alikuwa," akasema karani. "Watu wa Leta waende kwa Leta."

Baba alifunikwa na udongo ndani ya shimo la mgodi huohuo. Siku alizokuwa hai, sote tulikuwa kitabuni: mke mmoja, watoto watatu, posho ya unga na samaki kila wiki, shule kwa watoto, hospitali. Alipokufa, majina yetu yalipigwa mstari wa wino mwekundu, na juma halikuisha tukawa tumetoka kambini na masufuria yetu. Shule nayo ilikuwa ya watoto wa wafanyakazi. Nikaiacha katikati ya mwaka wa nne. Mama naye hakukaa sana baada ya hapo, akamfuata.

Mama wa Kambi alikuwa jirani yetu wakati ule. Yeye ndiye aliyemshika mama mgongo alipomzaa huyu wa mwisho, na mama akampa mtoto jina la marehemu mama yake Mama wa Kambi. Kwetu, jina likirudi, mtu amerudi. Basi yule mwanamke mzima alimwita mdogo wangu "mama", akampokea kwa mikono miwili, akamkatia yeye kwanza kipande cha samaki. Na mdogo wangu, tangu alipojua kusema, alimgombeza kama mzee. "Mwanangu, mbona umechelewa? Umekula wapi mpaka sasa?" Watu walicheka mpaka machozi.

Siku ile hakumgombeza. Mama wa Kambi alipiga magoti kando ya mkeka, akamwita mama, mama, na mtoto hakufungua macho. Akatoa kitabu cha kazi cha mumewe katika pindo la kikwembe alichojifunga kiunoni. Kitabuni mlikuwa na mtoto mmoja, msichana, umri wa miaka sita. Aliyemwelewa wa kwanza ni bibi.

"Ukimpeleka huyu kwa jina la yule," bibi akauliza, "yule ataonekana wapi?"

"Atabaki hapa. Kambini hawawezi kuona watoto wawili mu kitabu cha mumoja."

Nikamwambia kwamba hapa kwetu kulikuwa na homa.

"Homa iko kila pahali," akasema. "Sindano iko pahali pamoja tu."

Mumewe, aliyekuwa kazini shimo la mbali, hakuwa ameulizwa. Kama ingejulikana, angepoteza kazi na kulala buloko, gerezani, na wao pia wangetoka kambini na masufuria yao. Tulilijua hilo sote, hata mdogo wangu wa kiume, ambaye alimshika yule binti mkono, akampeleka nyuma ya nyumba kumwonyesha vifaranga ili asimwone mama yake akiondoka.

Mlangoni mwa kambi kulikuwa na mstari mrefu wa wafanyakazi na wake zao. Karani alikuwa yuleyule. Niliinamisha kichwa chini ya mzigo wa kuni, hakunitambua; niliingia kama mlinzi wa mgonjwa, mtu wa kupika na kufua, na walinzi hawakuulizwa kitabu. Akasoma jina la kitabuni, Mama wa Kambi akaitika. Kisha, kwa sababu watu walikuwa wameanza kujaribu hila nyingi, akainama mpaka usawa wa mtoto mgongoni, akamuuliza yule anayembeba ni nani wake.

Mdogo wangu akafungua macho kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwanangu," akasema.

Karani akajinyoosha. Alikuwa mtu wa mbali, si wa kwetu Maniema. "Mutoto anaita mama yake mwanangu?"

Nyuma yetu mfanyakazi mmoja mzee alimaliza kukohoa, akatema kando. "Karani, kwenu watoto wanazaliwa bila majina ya wazee? Acha mama yake aliyerudi apite, sisi wengine tunakufa hapa."

Mstari wote ulicheka, kicheko cha vifua vibovu. Karani akapiga mhuri.

Hospitali ilikuwa nyumba moja ndefu ya matofali. Vitanda vilijaa, na kati ya kitanda na kitanda palikuwa na mikeka. Munganga wa pale alikuwa mtu mfupi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akichemsha sindano juu ya mkaa yeye mwenyewe kwa sababu wasaidizi wake wawili walikuwa wagonjwa. Alilala juu ya benchi la kufungia vidonda, viatu miguuni. Jikoni, kwenye kibanda cha nyuma, wanawake waliunganisha unga wa kila mmoja katika sufuria moja kubwa, na nilimwona mama mmoja ambaye mtoto wake alikufa alfajiri akisonga bugali la watu wote kabla ya kuuchukua mwili na kwenda zake. Sijaona tena watu wenye roho namna ile.

Ng'ambo ya ua wa mianzi kulikuwa na nyumba ndogo yenye baraza. Ndani mlikuwa na vitanda vinne vyenye vyandarua na mgonjwa mmoja, mke wa bwana Mzungu mmoja wa mgodi. Gari lilimletea mtawa muuguzi, na maganda ya machungwa yalitupwa upande wetu wa ua. Sikumchukia mama yule. Alikohoa kama sisi. Nilihesabu vitanda tu. Kila nilipokwenda kuchota maji nilivihesabu tena.

Mdogo wangu alichomwa sindano asubuhi na jioni. Siku ya tatu alitoa jasho, akaomba uji. Munganga akanionya kwamba siku ni saba na zisikatike, maana dawa ikikatizwa njiani homa hurudi na hasira.

Siku ya tano, mchana, mdogo wangu wa kiume alikuja nyuma ya kibanda cha jikoni, akaniita kupitia mianzi. Mama wa Kambi alikuwa kando yangu, anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Yaya," akasema, kama alivyoniita mimi mkubwa wake, "mutoto wa mama huyu ameshikwa na homa. Anashika masikio, analia."

Mama wa Kambi aliuweka mchi chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Binti yake alikuwa na haki ya kitanda katika nyumba ile. Jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya kitanda. Na kitandani alikuwa amelala mdogo wangu.

Nilimwambia nitamtoa wangu sasa hivi, yeye amlete wake. Nilikuwa nimekwisha kuifungua nguo ya kumbebea. Akanishika kiwiko.

"Siku ngapi zimebaki?"

"Mbili."

"Mama yangu nilimpoteza mara moja," akasema, akafunga kikwembe, akaondoka.

Nilifurahi. Miaka yote hii sijaliandika neno hilo, leo naliandika. Nililia, na ndani ya kilio nilifurahi kwamba nguo ile naweza kuifunga tena. Jioni munganga alisimama mbele yangu na sindano yake, na jioni ya pili vilevile. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Kwamba kuna mtoto mwingine, mtoto wa kitabuni hasa, anaungua huko kijijini. Niliogopa atamtoa wangu, atamwita karani. Nikamshikia taa, nikanyamaza.

Yaliyopita kijijini nilisimuliwa na bibi. Walimkanda binti majani ya moto, wakampa maji kwa kijiko. Munganga wa Leta, aliyekuwa ameanza kusimama, alifika kwa baiskeli huku akiyumba, akatoa vidonge, akaandika jina la kijiji katika daftari lake. Alimwambia Mama wa Kambi kwamba sindano ameziomba na sanduku ni tupu. Kisha akamwomba radhi, jambo ambalo bibi alisema hakupata kuliona kwa mfanyakazi wa Leta.

Siku ya saba, sindano ya mwisho ilipokwisha asubuhi, nilitoka na mdogo wangu. Adhuhuri, Mama wa Kambi aliingia na binti yake katika kikwembe kilekile. Nilirudi nyuma yake; sikuweza kwenda nyumbani. Munganga alimlaza mtoto, akatazama masikio yaliyokuwa yakitoka usaha, akatazama kovu la chanjo begani. Alilipapasa kovu lile kwa kidole.

"Huyu nilimchanja mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Yule mwengine hakuwa na kovu hii. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Mama wa Kambi akalifunika bega la mtoto.

"Kitabu iko na mutoto mumoja. Mimi natibu wawili. Musinishukuru, na musiseme." Akachovya kalamu, akaandika mbele ya jina lilelile kwamba homa imerudi. Alipokwisha kuchoma sindano ya kwanza, akanigeukia mimi, si mama. "Mungeniambia siku ile, ningekuja na sindano mu mfuko."

Binti alipona. Masikio yalitoka usaha majuma mengi, kisha yakakauka, na yalipokauka alikuwa hasikii hata ngoma. Mwalimu wa shule ya kambi alimrudisha nyumbani. Mama wa Kambi hakunilaumu siku moja. Aliendelea kumwita mdogo wangu mama na kumkatia samaki kwanza, na binti yake alikaa kando akitazama midomo yetu.

Mdogo wangu aliolewa Kasongo; anachokumbuka cha hospitali ile ni uji. Mdogo wangu wa kiume na bibi wamekwisha kutangulia. Mama wa Kambi, alipofiwa na mume na kutolewa kitabuni kama sisi, alikuja kukaa kwangu hapa Kasongo, akafia chumba cha nyuma. Binti yake amebaki nami. Mvi zimemtoka kunishinda. Anaamini kwamba mafua yalimchukua masikio kama yalivyochukua wengi, na kwamba homa ilimshika nyumbani kwetu kwa bahati mbaya tu, siku ambazo mama yake alikuwa na kazi.

Hakuna aliyemfundisha kusoma, basi nilianza mimi, kwa elimu yangu ya mwaka wa nne. Kwanza mkaa ukutani jikoni, kisha karatasi. Anasoma polepole, kidole chini ya herufi. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa.

Leo alikuwa amekaa mbele yangu anachambua mchele, akauliza kwa mkono ninaandika nini. Nikamgeuzia karatasi ya kwanza. Akasoma mpaka neno sita, akahesabu kwa vidole, akajigusa kifuani kuuliza kama naye alikuwapo. Nikakubali kwa kichwa. Akangoja nimpe karatasi ya pili, na mimi nikaiweka chini ya sahani, nikamwonyesha kwamba moto unazimika.

Bado sijampa.