Kimeng'enya Kilichokataa Kukaa Kwenye Mafuta

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, bado naishi na mama katika mtaa wa Buruburu, ambako anauza mboga kwenye kibanda karibu na geti letu. Kazi yangu maabarani ilikuwa kunasa kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, ndani ya utando wa mafuta. Unatandaza mafuta juu ya maji mpaka yawe membamba kiasi cha kutoonekana, unaongeza kimeng'enya, kisha unazamisha kipande cha kioo na kukivuta polepole, kitoke kimevaa utando ule. Ukikichovya kwenye dawa ya kupimia, kimeng'enya kikiwa hai, dawa inageuka njano. Kikikutana na sumu ya kuulia wadudu, kinazimika, na njano haitokei.

"Basi nipimie sukuma wiki," mama akasema nilipomweleza hayo.

Jumatatu nilichovya kioo kwenye maji ya majani yaliyosagwa, kisha kwenye dawa. Njano! Nilimpigia simu papo hapo. Nilipofika nyumbani, wateja walishaambiwa mboga zimepimwa chuo kikuu.

Jumanne nilirudia na majani ya fungu lile lile, ila safari hii nilisuuza kioo kwanza, kama inavyotakiwa. Hakuna njano. Nikasuuza kioo kingine, nikakijaribu kwa maji matupu. Hakuna kitu. Sasa maji safi nayo yana sumu? Siku mbili nilizunguka na swali hilo. Mwishowe, kwa kukata tamaa tu, nikamimina dawa kwenye maji niliyosuuzia. Yakageuka njano.

Kimeng'enya kilikuwa kimebanduka, kikaenda na maji.

"Kwa hiyo Jumatatu nilipima nini?" nilimuuliza mwalimu wangu.

"Hujui kilichobaki kwenye kioo ni kiasi gani," akasema. "Huenda sumu ilizima sehemu tu, iliyobaki ikatoa njano. Kwa hiyo hujui."

Nilimkuta mama kibandani akikata mboga za mteja.

"Mama, acha kuwaambia watu zimepimwa."

Kisu kikasimama. "Zina sumu?"

"Sijui."

"Ni safi?"

"Hata hilo sijui."

Akamgeukia yule mteja. "Umesikia mwenyewe. Hazijapimwa. Ukifika nyumbani, zioshe vizuri."

Mteja akacheka, akaomba akatiwe nyembamba zaidi.

Wiki iliyofuata niliamua kubadilisha mafuta, nikachagua aina ambayo mwalimu alisema ingeshikana na kimeng'enya. Nilisuuza mara tatu, njano ikatokea. Nilifurahi mpaka nilipotazama vizuri chupa niliyokuwa nimetumia: ilikuwa ya mafuta yale yale ya zamani. Nikarudia kwa mafuta mapya, nayo yakashika. Mbona ya zamani yameshika leo? Joto la chumba? Mkono wangu umetulia? Nilipekua daftari langu lote nisipate jibu.

"Andika ulichokiona," mwalimu akasema.

Niliandika kwamba aina zote mbili za mafuta zimeshika. Chini yake, kwenye nafasi ya maelezo, nikaandika: sababu haijulikani.