Maua ya Mtu wa Vitunguu

Nzula alikuwa amefunga mashada ya waridi kwa miaka mingi katika shamba moja la maua kule Isinya, na hakuna ua lililombabaisha tena. Aliyajua yote yanavyoanza kulegea shingo. Ndiyo maana mwaka wa 1998, Tajeu alipompa tawi la maua madogo meupe sokoni Kitengela, alicheka.

Tajeu alikuwa amefiwa na mke, na kila Jumamosi alileta vitunguu kutoka Loitokitok. Akimwona Nzula humsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya!" Naye huitikia, "Iko!" Kimaasai cha Nzula kiliishia hapo.

"Haya nimetoa juu mlimani," Tajeu akasema. "Msitu ukiisha, inabaki nyasi na baridi. Huko ndiko kuko na hivi vichaka, vinafika kwa goti tu." Kisha, bila kuzunguka, akamwambia anataka kumwoa.

Nzula aliona vibaya kumkatalia mbele ya wanunuzi. "Nitayaweka kwa nyumba. Siku yakinyauka, ujue nimekataa."

Hakuyatia hata maji. Wiki ikapita, mwezi ukapita, maua yakabaki meupe, makavu, ukiyagusa yanalia kama karatasi. Krismasi ikafika. Dadake, Kaveke, alipomtembelea, aliyapuliza vumbi.

"Kwani ni ya plastiki?"

"Ni ya mtu wa vitunguu."

Aliposikia kisa chenyewe, Kaveke alicheka mpaka akakaa chini. "Na wewe, unamtaka ama humtaki?"

Pale jikoni kulikuwa na vitunguu vya kutosha kulisha harusi, na bado kila Jumamosi Nzula alikuwa akinunua vingine kwa Tajeu.

Jumamosi iliyofuata alimwendea Tajeu moja kwa moja. "Ulijua hayanyauki!"

"Nilijua. Lakini si wewe ndiye mtu wa maua? Nilifikiri unajua, nikaona umenikubali. Nimeshaambia hata mama."

Walifunga ndoa Agosti, Kitengela, kwaya ikiimba Kikamba na Kimaasai kwa zamu.

Baadaye Tajeu alimpandisha mlimani. Walipotoka msituni, upepo uliwapiga usoni, na mteremko mzima ulikuwa umejaa vile vichaka, vyeupe mpaka mawinguni. Nzula alivua viatu, akakimbia katikati yake akipiga vigelegele peke yake, mwanamke wa miaka thelathini na minane.

Aliacha kazi ya waridi. Sasa anapanga vitunguu Loitokitok, na humgombeza mumewe kwa kujaza magunia ovyo.