Simu ya Dawa

Kazi yangu ni kuchaji simu za watu hapa Hai Cinema, mjini Juba. Sola iko juu ya bati, nyaya zimejaa chini, na katikati niko mimi, nikiota duka langu lenye milango ya vioo kule Amarat kwa wenye pesa. Simu za mtaa mzima hushinda kwangu, na siri zake pia.

Ndivyo nilivyojua kwamba mama wa Uganda, anayepika na kuuza chakula jirani yangu, anatibiwa kifua kikuu. Kliniki ilimwandikisha kwenye mpango wa simu. Kila mchana mashine inampigia na kumuuliza, kwa Kiarabu cha Juba, kama amemeza dawa. Kama amemeza, abonyeze moja. Kama dawa inamsumbua, abonyeze mbili. Basi simu yake ikilia kwangu, natoka mbio nayo, na wateja wake wanacheka.

"Mama, huyo bwana hachoki kupiga!"

"Mwanaume ya adabu hapana choka," anawajibu, simu sikioni. "Nyinyi kula."

Daktari alishamhakikishia kwamba hawezi tena kumwambukiza mtu. Lakini watu wakisikia jina la ule ugonjwa, nani atakaa kwenye benchi lake?

Siku moja nilifika nayo, akakataa kuipokea. Macho yalikuwa mekundu.

"Bonyeza moja wewe."

"Kwani umekunywa?"

"Sijakunywa. Jana nimetapika hapo nyuma kama mjamzito. Mimi sasa iko mzima, kikohozi imeisha. Hiyo dawa khalas, imetosha."

"Mama, si wewe uliniambia ukiacha katikati itarudi na ukali?"

"Wewe iko daktari?"

"Mimi ni wa kuchaji tu."

Akacheka kidogo. Nikapata moyo. "Tubonyeze mbili?"

"Watu ya kliniki watakuja na pikipiki, na koti nyeupe. Wateja wataona."

Lakini moja sikuweza kumbonyezea. Ningeiambia mashine kwamba anapona, huku namwona akiacha kupona. Nikaipokea simu, nikamshikia mbele yake. Mashine ikarudia swali lake. Mwishowe akabonyeza mbili kwa kidole chenye unga.

Pikipiki haikuja. Jioni alipiga muuguzi, mwanamke mpole, akauliza jambo ambalo mimi jirani sikuwahi kulifikiria: yeye mwenyewe anakula saa ngapi?

Mama akamweleza ukweli. Anapika tangu alfajiri, lakini hugusa chakula wateja wakishaondoka, kile kilichobaki sufuriani. Dawa alikuwa akizimeza na tumbo tupu, mvuke wa maharagwe ukimpiga usoni. Muuguzi akamwambia atangulize chakula kidogo, na kutapika kukiendelea arudi kliniki wampime.

Kesho yake nilikuta benchi limejaa watu wananung'unika. Mama alikuwa amekaa katikati yao na sahani ya posho, ule ugali wake, na samaki, anakula polepole.

"Mama, sisi je? Njaa inatuua!"

"Ngoja. Leo mpishi anakula kwanza."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Akamaliza tonge, akafungua fundo la leso, akavimeza vidonge vyake mbele yao wote. Halafu akanyoosha mkono nimpe simu, akabonyeza moja.

"Hiyo dawa ya nini?" mmoja akauliza.

"Ya mimi kuwapikia mwaka kesho."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Walitaka samaki.