Bertila: Kutoka redio za Makambako hadi leza ya macho Njombe

Ni asubuhi ya Julai mjini Njombe na baridi haina huruma. Katika chumba cha leza cha kliniki moja ya macho, Bertila Mwalongo anachomoa kidude kidogo cha kioo kwenye waya wake na kukitia kifuani, ndani ya sweta.

Nje, foleni imeanza kunung'unika.

Kidude hicho ni kipokea mwanga. Mpigo wa leza ukikiangukia, hugeuza mwanga kuwa umeme, na nguvu yake husomeka kwa milijuli, kipimo cha nishati ndogo. Ikipungua, utando ulio ndani ya jicho la mgonjwa hautoboki. Ikizidi, jicho linaumia. Ndiyo maana kila asubuhi Bertila hukipiga leza kidude hiki kabla daktari hajamgusa mtu.

Leo amepanga milijuli mbili, kipimo kikasoma moja na nusu. Akarudia. Moja na nusu tena.

"Mkono ulishafika kwenye kitufe nipandishe mashine," anasema mama huyo wa watoto watatu. "Halafu nikaona kioo kina ukungu. Usiku kinalala kwenye baridi, tukiwasha hita kinatoa jasho, mwanga unapotelea pale. Leza haina kosa. Ningepandisha, ningemuumiza baba yangu."

Si baba wa kumzaa. Mgonjwa wa kwanza leo ni Mzee Rabson Ngimbudzi, aliyetoka Makambako kwa basi la alfajiri. Ndiye aliyemfundisha kazi.

Waliokaa Makambako miaka ya tisini wanakikumbuka kibanda chake jirani na stesheni ya reli: redio mpaka darini, harufu ya risasi ya kuunganishia waya iliyoyeyuka, taarabu na kwaya zikigombana. Watu wa Lupembe walimtumia redio zao kwa malori ya chai.

"Nilimaliza la saba, sikuchaguliwa," Bertila anasimulia, machozi yakimlengalenga. "Watu wakamwambia mzee, 'Mtoto wa kike na redio wapi na wapi?' Yeye akanisogezea kigoda tu. Nikikimbilia kuwasha redio iliyolala kwenye baridi, ananizuia. 'Ipashe kwanza, mwanangu. Ikiwa ya baridi itakudanganya.' Tunaiweka kando ya jiko, tunakunywa chai. Jamani, ile chai!"

Baadaye Bertila alijiendeleza, akasomea vifaa tiba. Simu za mkononi zikaua kibanda. Mzee alitolewa mtoto wa jicho, akaona, lakini sasa utando umemrudisha gizani. Hata ncha ya waya haioni.

Bertila anakitoa kidude kifuani, anakifuta, anakirudisha mahali pake. Anapiga. Mbili. Anapiga tena. Mbili. Anashusha pumzi.

Daktari Eveline anamwita mzee, anayeingia akipapasa mlango.

"Kamwene, baba," Bertila anamsalimia.

"Kamwene, mwanangu. Mashine yenu mmeipasha? Huku kwenu kuna baridi."

Bertila anacheka huku akifuta macho. "Tumeipasha, baba."

Ndoto yake ni kukifungua tena kile kibanda siku za Jumamosi, awafundishe mabinti kutengeneza vifaa vya zahanati. "Lakini bila yeye kukaa pale, sitaki," anasema.

Jioni, utando umeshatobolewa na dawa ya kupanua mboni imeisha nguvu. Mzee Rabson anamtazama mwanafunzi wake kwa muda mrefu.

"Bertila, una mvi!"

"Ninazo, baba."

"Basi kigoda kile hakikufai tena. Jumamosi njoo kibandani, nitakuwa nimekutengenezea kiti."