Manowari Juu ya Kiti cha Koko

Juzi redioni mabingwa wawili walikuwa wanabishana kama jeshi la majini la siku hizi linahitaji kweli manowari zote zile za kubeba ndege, na bei yake ilivyo. Mmoja alisema kombora la bei nafuu linatosha kuizamisha moja. Mwenzake alisema bila hizo taifa kubwa halina sauti baharini. Nilikuwa natwanga pondu, kisamvu chetu. Niliizima redio kwa mkono wenye majani, hasira imenipanda kana kwamba wale mabwana wamekuja kunitukana jikoni kwangu. Mjadala huo ulishafanyika nyumbani kwetu Kisangani, miaka ya vita.

Aliyeuleta ni tonton, mdogo wake papa. Alikuwa fundi wa injini katika jeshi la majini, Kinshasa. Mishahara ilipokatika alirudi na mke na watoto wake, na papa akawapa vyumba vya nyuma. Sandukuni mwake alikuwa na picha kubwa aliyoikata gazetini: manowari ya kubeba ndege, sitaha yake pana kama uwanja wa mpira. Aliibandika sebuleni, juu ya kiti cha koko, mama yao. Koko alikuwa na miguu iliyovimba, hawezi kufika mbali zaidi ya mlangoni. Aliipenda picha ile kwa sababu ya mwanawe, na kila mgeni alionyeshwa kabla hajakalishwa.

Baada ya chakula maneno yalianza.

"Hiyo makuta, hiyo feza yote," mama aliuliza, "alafu inasimama tu kwa maji?"

"Kusimama njo kazi yake, shemeji. Adui akiiona, anarudi kwake."

"Na juu ya nini batengeneze mingi?" papa akadakia. "Moja haitoshe?"

"Yaya," tonton alimwambia kaka yake, "moja iko garage, moja iko njiani, moja iko kazini. Mwenye kuwa na moja tu hana kitu."

Papa alicheka kwa raha. Yeye mwenyewe alikuwa na chombo kimoja tu, balenieri, boti la mbao lenye injini, alilopakia mchele na samaki wa kukauka kwenda masoko ya chini ya mto. Liliingiza maji, likazibwa, likaingiza tena. Nafikiri alifurahi kuwa na ndugu anayejua vyombo visivyovuja. Nami nilifurahi. Shuleni nilijigamba kwa picha ile mpaka wenzangu wakanichoka.

Kisha watu wakaanza kuingia mjini kwa barabara ya Bafwasende, magodoro kichwani. Papa hakungoja kuambiwa. Alisema tutashuka mto, twende kwa ndugu zake mama, upande wa Yahuma, na koko atalala botini, maana miguu ile isingemfikisha popote. Tukapakia sufuria, chumvi na godoro la koko. Papa akajaza mafuta yote aliyokuwa nayo.

Ndipo redio ikatangaza kwamba manowari za mataifa makubwa zimesimama baharini, mbele ya mdomo wa mto wetu. Tonton alikuja mbio kama mtu aliyezaliwa upya.

"Yaya, usiende! Batu yenye kukimbia banapoteza nyumba. Ndege itatoka kwa ile mashua, vita itaisha mbele chai yako ipoe."

"Na maporomoko ya chini ya Kinshasa? Mashua itapanda aje?"

"Mashua inabakia kwa bahari. Ndege njo inakuja."

Mama alinuna. Papa alimtazama koko, aliyekuwa anatabasamu chini ya picha yake, akasema bon, tungoje kidogo. Wanajeshi walikuwa wanawanyang'anya watu vyombo bandarini, kwa hiyo tonton akajitolea kuificha balenieri kwenye majani, chini kidogo ya mji, na kuilinda mwenyewe. Papa alimshukuru. Alimshukuru! Mpaka leo neno lile likinijia nasikia uchungu mdomoni.

Asubuhi risasi zilipoanza kulia, vyumba vya nyuma vilikuwa vitupu. Papa alinishika mkono tukakimbia mtoni. Majanini hapakuwa na boti. Palikuwa na godoro la koko, limekunjwa vizuri, limewekwa pakavu.

Papa aliinama akalipapasa. Angelikuta limetupwa majini, labda angesema ndugu yake aliingiwa na hofu. Lakini mtu alikuwa amelitoa, akalikunja, akatafuta mahali pa kuliweka.

Tulitoka kwa barabara ya Banalia. Papa alimpata kijana mmoja wa toleka, baiskeli za kubeba abiria, na tukamfunga koko kwenye kiti cha nyuma kwa kitenge cha mama. Papa alishika upande mmoja, mimi mwingine.

"Mutoto yangu mudogo iko wapi?" koko aliuliza.

"Anatangulia, mama," papa alijibu.

Aliuliza tena kila tulipopumzika, na papa alijibu vilevile. Miguu ya koko ilikuwa inaning'inia, inazidi kuvimba. Hatukufika mto Aruwimi. Alikufa kwenye kivuli cha nyumba ya watu tusiowajua, nao wakatupa nafasi ya kumzika katika shamba lao la muhogo.

Mji ulipotulia tulirudi. Wezi walibeba viti, picha wakaiacha. Papa hakuibandua, wala sikuthubutu kumuuliza kwa nini. Tonton naye akarudi, amekonda, bila balenieri: wanajeshi walimnyang'anya huko chini. Alisimama sebuleni na kofia mkononi. Nilimuuliza mimi.

"Tonton, ulijua ile ndege haitakuja?"

"Ile ndege inakuja kuchukua batu ya inchi yao tu. Nilijua." Akafuta uso. "Lakini balenieri ilikuwa kidogo. Hatungeenea wote."

Mama alitoka nje. Tonton akamgeukia papa.

"Yaya, kaburi ya mama iko wapi?"

Papa, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu mtu vibaya, alinyoosha kidole ukutani.

"Panda ndege ya mashua yako. Utaiona toka juu."

Hakuna aliyemwonyesha. Papa amekufa, mama amekufa, njia ya kufika kwenye shamba lile naijua mimi peke yangu, na tonton bado ananitumia salamu.