Mkono wa Takbira

Mimi si mtu wa kulialia. Nimelima hapa kijijini Mazingara tangu nikiwa kigoli, na mume wangu alipofariki niliendelea kulima shamba lilelile. Basi siku ile kisimani, nilipovuta ndoo nikasikia kitu kikikatika begani, nilisema "Astaghfirullah," nikabadilisha mkono, nikamaliza kuvuta maji yangu.

Alfajiri nikasimama kuswali, mkono wa kulia ukagoma. Nasema takbira, wa kushoto unapanda, wa kulia unaishia kifuani. Hilo liliniuma kuliko bega lenyewe.

Kwetu bega likiuma huchuliwa. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ndiye mchuaji. Akaja na mafuta ya nyonyo, akanikanda, akanivuta mkono. "Mshipa tu umeruka, wifi." Nami nikamwambia, vuta zaidi! Tukaenda hivyo toka palizi mpaka mavuno, wabishi wawili.

Mwishowe nikapelekwa hospitali. Daktari, kijana wa Kisambaa, alinipa shikamoo kisha akanipa ukweli. Kano zilikuwa zimeng'oka kwenye mfupa, na kwa kuchelewa zimejivuta ndani na kugandamana. "Nitazigandua, nizivute taratibu mpaka zifike, nizishone kwenye mfupa kwa nyuzi na skrubu ndogo. Zisipofika zote, nitashona zinazofika. Nikilazimisha, zitakatika tena."

"Mkono utapanda?"

"Mama, wa kushona ni mimi, wa kutunza ni wewe. Wiki sita usiinue nao hata kikombe."

Nikarudi nyumbani baada ya upasuaji, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa. Nilimkuta wifi mlangoni, nikampasukia: "Wewe ndiye uliyenimaliza!" Sikumtendea haki, aliyesema vuta zaidi ni mimi. Wifi akaingiza ndani furushi lake la nguo, maana alikuja kukaa.

Akanipikia, akanifunga kanga, akaniosha mpaka kwapani. Jirani alipomwoza bintiye, wanawake wote wakaenda kutwanga. Hapa asiyeshika mchi kwenye shughuli ya mwenzake husemwa mwaka mzima, nami kusemwa siwezi. Nikaufuata mchi. Wifi akaunyakua. "Kaa! Natwanga zamu yangu na yako." Akatwanga mpaka kanga ikalowa jasho. Watu wakasema, nami nikakaa.

Kitambaa kilipotolewa nikaanza mazoezi, kidogo kidogo, kama nilivyoelekezwa. Wifi hakuligusa tena bega langu, hata nilipombembeleza.

Mwezi wa sita baada ya upasuaji tulisimama chumbani kuswali adhuhuri. Wifi alitangulia kuhirimia, akaingia swalani, mimi nikafuata. Allahu akbar. Viganja vyote viwili vikapanda, vikafika masikioni. Wallahi, nilitaka kupiga vigelegele. Kando yangu wifi akaangua kilio, swala yake ikavunjika.

Mimi niliendelea na rakaa zangu. Yeye ilibidi apanguse machozi, aanze upya.