Kompyuta Darini

Masika yalipokolea nilishuka Moshi mjini kwa siku nne kumalizia kompyuta za wateja. Yangu niliiacha nyumbani Masama, juu ya meza. Niliporudi, meza ilikuwa tupu.

"Nimeihifadhi," mama akasema, akaonyesha juu kwenye dari la jikoni, kwenye mahindi ya mbegu. Kwetu, kitu unachotaka kidumu hukiachi kwenye ukungu. Unakipandisha juu ya meko, moshi ukikaushe na kufukuza wadudu. Alikuwa amepanda ngazi nalo lile kasha la kompyuta, na goti lake lile bovu.

Nilitamani kulia. Humo mlikuwa na kijitabu changu kinachoeleza sehemu za kompyuta kwa Kiswahili chepesi. Chuo kimoja cha ufundi Dar es Salaam kilikitaka kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, wakikipenda, wananiajiri huko huko. Siku hiyo niliyorudi ilikuwa Alhamisi. Na mganga hajigangi: mimi ninayewagombeza wateja watunze nakala, sikuwa na hata moja.

"Mama, umenimaliza," nikasema, nikamweleza habari ya chuo.

Nikaishusha, nikafungua skrubu. Masizi yalikuwa yameganda kwenye feni kama ukoko kwenye sufuria. Mama akavuta kigoda, akataka kujua kipi ni kipi. Nilimweleza kwa kisirani, lakini nilimweleza. Hii pawa saplai, inapokea umeme wa ukutani na kuupunguza ili vingine visiungue. Hii bodi, imevibeba vyote na kuviunganisha. Hii prosesa, ndiyo inayopiga hesabu zote. Hupata moto, ndiyo maana ikapewa feni. Na hii RAM hushika kile unachofanya sasa hivi tu. Umeme ukikatika, imesahau.

"Na hiki kichuma?"

"Diski. Hiyo haisahau hata ukizima. Kitabu kimo humo, kama hujakibanika."

Akacheka kidogo. Mimi ni kitinda mimba, na kwa Wachagga kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo. Kaka zangu waliondoka mmoja mmoja, hakuna aliyewauliza kitu. Baba alipofariki waliniachia migomba, ng'ombe wawili na mama, wakanipongeza. Tangu siku ile, kila nikitazama ule uzio wa masale, mimea ya mpaka wa kihamba, nakosa pumzi.

Nilisugua kwa mswaki mkavu hadi giza likaingia, nikaendelea Ijumaa asubuhi. Kisha nikachomeka umeme. Feni ikakwamakwama, ikazunguka, skrini ikawaka. Kitabu kilikuwepo, ukurasa kwa ukurasa.

Sikufurahi. Hapo ndipo nilipojijua. Muda wote nilipokuwa nasugua, nilikuwa naomba diski iwe imekufa, nimlaumu mama maisha yangu yote, nibaki nyumbani bila kulazimika kuchagua.

"Kimepona?" mama akauliza mlangoni.

"Kimepona."

"Basi nenda mjini ukakitume, mwanangu. Majani ya ng'ombe nitakata mwenyewe."

Nikanakili kwenye flashi, nikaitia mfukoni. Ilikuwa saa nne tu, muda ulikuwa tele. Nikalitazama goti lake. Nikachukua panga, nikaingia migombani, nikajiambia ni mzigo mmoja tu.

Saa kumi jioni ilinikuta bado nakata, flashi ikiwa mfukoni.